Ngonjera Isiyofika Mwafaka

Kwa miaka 26 nilisomesha Kiswahili katika skuli za Unguja, na sidhani kama ulipita mwaka ambao sikutunga ngonjera japo moja. Kila sherehe ilitaka yake: siku ya wazazi, siku ya kupanda miti, mahafali, ujio wa mgeni kutoka wizarani. Msomaji wa kurasa hizi hana haja ya kufundishwa ngonjera ni kitu gani. Hata hivyo nitakumbusha kidogo, kwa kuwa hoja yangu yote imesimama juu yake. Watoto husimama makundi mawili. Kundi moja halijui jambo, au linalijua na kulikataa. Kundi la pili linalijua na kulitetea. Hutupiana beti kwa vina na mizani, huyu akiuliza na yule akijibu, mpaka asiyejua akajua na mbishi akasalimu amri. Ubeti wa mwisho huimbwa na wote kwa pamoja, na wazazi wakapiga makofi.

Marehemu Mathias Mnyampala, aliyeipa sanaa hii jina na umbo, aliikuza hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati washairi walipotakiwa wayafikishe mafunzo ya siasa mpya kwa wananchi. Ngonjera ilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu ina ahadi ndani yake: ukibishana kwa adabu na kwa muda wa kutosha, utafika penye haki, na mtafika pamoja. Niliiamini ahadi hiyo darasani, na nakiri kwamba niliiamini hata nje ya darasa. Ilinichukua mchezo wa televisheni wa Kimarekani kunionyesha mahali ambapo haifiki.

Mpwa wangu anayeishi ng'ambo alikuja likizo na mkoba wa diski za tamthilia ya upelelezi iitwayo Homicide: Life on the Street. Ni mfululizo uliorushwa na shirika la NBC kuanzia mwaka 1993 hadi 1999, ukapigwa picha katika mji wenyewe unaosimuliwa, yaani Baltimore, katika jimbo la Maryland. Msingi wake ni kitabu cha mwandishi wa magazeti David Simon kilichotoka mwaka 1991, baada ya yeye kukaa mwaka mzima pamoja na wapelelezi wa mauaji wa mji huo. Mimi si mpenzi wa michezo ya polisi. Nilikaa kwa heshima ya mgeni, huku nikingojea kahawa. Kahawa ilikuja, ikapoa, sikuinywa.

Sehemu iliyonishika ni ya tano katika msimu wa kwanza, iliyoonyeshwa Machi 1993 kwa jina la "Three Men and Adena". Aliyeiandika ni Tom Fontana, akapata kwayo tuzo ya Emmy ya uandishi. Aliyeiongoza ni Martin Campbell, ambaye baadaye alielekeza filamu mbili za James Bond. Ajabu ni kwamba mtu huyo wa magari yanayoruka na majumba yanayoripuka hapa alipewa chumba kimoja, meza moja, viti vichache na watu watatu. Karibu muda wote hatutoki humo.

Kisa ni hiki. Mtoto wa kike wa miaka 11, Adena Watson, ameuawa. Anayeshukiwa ni mzee mmoja, Risley Tucker, mchuuzi wa matunda na mboga anayesukuma maisha kwa gari la farasi. Ameshahojiwa kabla, na hakuna kilichopatikana. Sasa wapelelezi wamepewa fursa ya mwisho: wana muda wa saa 12 tu za kukaa naye, na zikimalizika bila ya yeye kukiri, basi hawatamgusa tena. Ushahidi walionao ni mwembamba. Kama kuna kesi, itatoka kinywani mwa mzee yule, la sivyo haipo.

Hapa niombe ruhusa ya kwenda pembeni kidogo, maana kuna neno lililonigutua. Wachuuzi wa namna ya Tucker huitwa Baltimore "arabber", na asili yake ni neno "Mwarabu". Mpwa wangu aliponitafsiria nilidhani amekosea, kwa kuwa masikioni mwa Mzanzibari neno hilo halipiti hivi hivi. Lakini wachuuzi hao hawana nasaba yoyote na Arabuni. Ni Wamarekani weusi waliojishika na biashara hiyo tangu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakati milango mingi ya kazi ilikuwa imefungwa mbele yao. Jina lilitoka katika Kiingereza cha mitaani cha karne ya 19, ambamo mtoto asiye na makao aliitwa "Mwarabu wa mtaani", kwa dhana kwamba Mwarabu ni mtu wa kutangatanga. Jina la kabila la mbali likageuzwa tusi la fukara wa London, kisha likavuka bahari na kuwa jina la kazi ya mtu mweusi. Wachuuzi hao wanajulikana pia kwa kunadi bidhaa zao kwa sauti ya kuimba, kila mmoja na mahadhi yake, kama wanavyofanya wachuuzi wetu. Kwa hiyo anayeketi katika kile chumba ni mtu aliyezoea kusikika barabarani, na sasa sauti yake inadaiwa neno moja tu.

Wanaomkabili ni wawili. Wa kwanza ni Tim Bayliss, kijana mgeni katika kitengo cha mauaji, aliyewahi kuwa katika ulinzi wa meya. Adena ndiye maiti wa kwanza aliyekabidhiwa kuwa dhamana yake, na tangu usiku ule alipomkuta amelala mvuani hajalala yeye. Anaamini kwa moyo wake wote kwamba Tucker ndiye. Wa pili ni Frank Pembleton, aliyeigizwa na Andre Braugher. Huyu ni msomi, mjuvi, mwenye kiburi cha ujuzi wake, na hakuna amshindaye katika kumtoa mtu maneno. Yeye hana hakika. Anaingia chumbani kama fundi anayeingia kazini.

Nimesahihisha maelfu ya insha ambamo mwanafunzi ameandika kwamba mhusika fulani ni duara kwa sababu anabadilika, na fulani ni bapa kwa sababu habadiliki. Nilitia alama ya vema na kuendelea. Sikuwahi kumuuliza mwanafunzi swali la pili: anabadilika kutoka wapi kwenda wapi, na kwa gharama ya nani? Tumezoea kuhesabu mabadiliko kuwa ni ngazi. Mjinga anaelimika, mlevi anatubu, mwoga anapata ushujaa. Hata wapelelezi wetu wenyewe tunawapenda kwa uthabiti wao. Bwana Msa wa marehemu Muhammed Said Abdulla, aliyetuburudisha tangu Mzimu wa Watu wa Kale, anaingia katika kila kisa na kiko chake na akili yake, na anatoka navyo vile vile. Wanaobadilika ni sisi na Najum, tuliokuwa gizani tukaonyeshwa mwangaza. Hiyo nayo, ukiipima vizuri, ni ngonjera: ajuaye na asiyejua, na mwisho wote tunajua.

Katika chumba cha Baltimore ngazi haipo. Wapelelezi wanaanza kwa njia inayojulikana, mmoja mkali na mmoja mpole, kisha wanabadilishana. Bayliss anampandia mzee kwa hasira mpaka tunaogopa atamwumiza. Pembleton anamsogelea kwa sauti ya chini, anazungumza naye habari za ulevi aliouacha, anamfanya aone kwamba kusema ni kupumzika. Saa zinakwenda. Mashati yanalowa jasho. Tucker anakana, anachoka, anakana tena. Aliyeigiza mzee huyu ni Moses Gunn, ambaye baadhi yetu tulimwona zamani akiwa mkufunzi wa vijana katika Roots ya mwaka 1977. Alifariki Desemba ya mwaka ule ule wa 1993. Uso wake katika sehemu hii umechakaa kama ukuta wa Mji Mkongwe ulionyimwa chokaa, na unautazama bila ya kujua nyuma yake kuna nyumba gani.

Kisha, muda ukikaribia kwisha, mtuhumiwa anawageukia wanaomtuhumu. Muda wote ule walipokuwa wakimsoma yeye, kumbe naye alikuwa akiwasoma. Anamwambia Pembleton kwamba ni mtu mweusi anayejiona bora kuliko weusi wenzake. Anamwambia Bayliss kwamba ndani yake kuna upande wa giza, na kwamba yeye mwenyewe anauogopa. Hakuna anayejibu. Halafu anasema lile alilolificha: kwamba alimpenda yule mtoto, mapenzi ambayo mzee hapaswi kuwa nayo kwa mtoto wa miaka 11, na kwamba hayo ndiyo mapenzi makubwa ya umri wake. Ungamo limetoka, zito, la kutia kichefuchefu. Lakini si lile walilolitaka. Kumuua, anasema, hakumuua. Muda unakwisha. Mzee anaachiwa.

Na hapa ndipo nilipoweka kikombe chini. Wapelelezi wawili wanazungumza nje. Pembleton, aliyeingia na shaka, anasema sasa anaamini kwamba Tucker ndiye muuaji. Bayliss, aliyeingia na yakini, anasema hana hakika tena. Wamesikia maneno yale yale, kutoka kinywa kile kile, katika chumba kile kile, na wametoka kila mmoja amekaa kwenye kiti cha mwenzake. Tamthilia haituambii nani amesibu, wala haikutuambia mpaka ilipomalizika. Kesi ya kweli ya mwaka 1988 iliyozaa kisa hiki nayo haikupata muuaji.

Hebu fikiri, ndugu msomaji, ngonjera ya namna hiyo jukwaani. Kundi la kulia lianze kwa kukataa na la kushoto kwa kukubali; wajibizane kwa beti 20, na mwisho la kulia likubali na la kushoto likatae. Mwalimu mkuu angeniita ofisini. Lakini kila nilipoirejea sehemu ile, na nimeirejea mara nne, niliona kwamba hapo ndipo wahusika wawili wamekua kweli kweli. Bayliss hakupata elimu mpya juu ya Tucker. Alipata khofu juu ya nafsi yake, kwa kuwa maneno ya mzee yaligusa penye donda, na aliyeguswa hapo hawezi tena kuiamini hasira yake kuwa ni dalili ya haki. Pembleton naye alipata yakini, lakini je, ni kwa sababu ya ushahidi, au kwa sababu ametukanwa? Mwandishi anatuachia swali hilo. Mmoja amepungukiwa na uhakika na mwengine ameongezewa, na sidhani kama aliyeongezewa ndiye aliyekua zaidi.

Wanaofuatilia mfululizo wote wanajua kwamba chumba kile hakikumwacha Bayliss. Mwaka 1996 kifo cha mtoto mwengine kilimrejesha kwa Adena. Baadaye tulielezwa kwamba yeye mwenyewe aliumizwa utotoni na mtu wa ukoo wake, na tukajua giza aliloliona Tucker lilikuwa la aina gani. Na katika filamu ya kufungia hadithi, ya mwaka 2000, Bayliss anakiri mbele ya Pembleton kwamba amemuua mtu kwa mkono wake. Safari hii Pembleton hakuhitaji hila yoyote ili kupata ungamo, na hakulitaka. Ipo pia sehemu ya mwaka 1994 ambamo Pembleton, kwa kutaka kumwonyesha mkubwa wake kile kinachowezekana, anamfanya kijana asiye na hatia akiri mauaji. Anamsemesha kwa upole, anamwonea huruma, na kijana analia na kukubali. Ukiziweka sehemu mbili hizi pamoja unapata jambo la kutisha: mwenye kukana huenda ndiye, na mwenye kukiri huenda siye, na chumba ni kile kile.

Nimezunguka sana. Sasa nisema kwa nini kahawa ilipoa.

Miaka mingi nyuma, katika skuli ambayo sitoitaja, zilipotea shilingi 60,000 za mchango wa mahafali kutoka katika mtoto wa meza yangu. Mwanafunzi mmoja alionekana akitoka ofisini saa ya mapumziko. Alikuwa mtoto wa mjane, anayechelewa kulipa michango, na kwa ajili hiyo tu nilimwona kuwa ndiye. Wakati huo sikujua kwamba hiyo ndiyo sababu. Nilidhani nimefika hapo kwa kupima mambo. Nilimweka ofisini baada ya masomo. Mwalimu mwenzangu alikaa nami kidogo, kisha akanivuta nje na kuniambia: "Mimi huyu simuoni kuwa ni mwizi." Nikamwambia yeye ni mpole mno. Akaenda zake.

Sikumpiga kijana yule, na kwa muda mrefu nilijisifu kwa hilo. Nilimsemesha. Nilimweleza aibu ya mama yake, nikamweleza rehema ya Mwenyezi Mungu kwa mwenye kutubu, nikamwahidi kwamba akisema mambo yataishia pale pale. Nilikuwa hodari wa maneno, ndiyo kazi yangu. Tangu saa nane mpaka adhana ya magharibi. Mwisho alinyanyua uso akasema: "Mwalimu, ukitaka niseme nimechukua, nitasema."

Nilisikia ungamo. Wallahi sikusikia kitu chengine. Nilimpa karatasi akaandika kwa hati yake nzuri, ile niliyokuwa nikiwaonyesha wenzake darasani. Mambo hayakuishia pale pale. Mama aliitwa, fedha zililipwa kwa mafungu, na kijana hakumaliza mwaka. Fedha zenyewe hazikuonekana, wala hakutokea mwengine aliyekiri. Mpaka leo sijui nani aliyezichukua. Inawezekana ni yeye.

Ile jumla yake, "ukitaka niseme", nilikuwa nimeibeba miaka yote bila ya kuifungua. Mimi niliyewafundisha watoto kwamba kiungo kimoja cha neno hubeba maana nzima, sikuona kwamba kitenzi cha kwanza katika jumla ile kilikuwa changu, si chake. Aliyetaka ni mimi. Niliiona usiku ule, Bayliss aliposema hana hakika tena. Nilijua kwamba mtu anaweza kukaa na yakini miaka 19, ikamtoka kwa dakika moja mbele ya televisheni, na isiachie chochote cha kushika mahali pake.

Kijana yule sasa ni mtu mzima, anauza samaki. Kila tukikutana hunipa shikamoo, nami huitikia marahaba na kupita haraka. Baada ya kuondoka mpwa wangu nilikaa wiki mbili nikifikiri la kufanya. Nikimuuliza kama kweli alichukua, nitakuwa nimemrejesha chumbani kwa mara ya pili, na jawabu lake halitanifaa, kwa kuwa nimeshaiharibu njia ya kulipatia. Nikimwomba radhi kwa kumsingizia, nitakuwa najifanya najua nisichokijua. Mwisho niliona kwamba kipo kimoja ninachokijua bila ya shaka, nacho ni namna nilivyomuuliza.

Nilimwendea sokoni asubuhi, kabla watu hawajawa wengi. Nikamwambia kwamba ile siku ofisini nilimkalisha mpaka magharibi, na kwamba sikuwa na haki ya kumfanyia vile, awe alichukua au hakuchukua, na kwamba naomba anisamehe. Alikuwa akifuta meza yake kwa maji. Hakunitazama. Alisema: "Mwalimu, yale yalishapita." Hakuniuliza nakusudia yepi, wala siku gani, wala ofisi gani.

Kisha akanifungia samaki, changu wawili, akakataa fedha. Nikazisukuma tena mbele yake, akazirejesha. Tulikaa hivyo kwa muda, noti ikienda na kurudi juu ya meza iliyolowa, mpaka mteja mwengine akafika akauliza bei. Niliwachukua samaki nikaondoka. Sijui kama amenisamehe. Tangu siku ile, tukikutana, mimi ndiye ninayesimama.